Miezi sita ya kimya

*Hataza inayotolewa Harare inafanya kazi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali. Kila nchi ina haki ya kuikataa, lakini haki hiyo ina muda wake, na muda huanza kuhesabiwa hata kama barua haijafunguliwa.*

Na Mwandishi Wetu

Taarifa inatoka Harare, mtaa wa Natal, eneo la Belgravia, kwenda kwenye ofisi ya taifa ya hataza. Lugha yake ni kavu. Inasema ombi lenye namba fulani limekaguliwa na limeonekana kufaa, na kwamba nchi inayoandikiwa imo kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji anataka uvumbuzi wake ulindwe.

Tangu tarehe ya taarifa hiyo, nchi ina miezi sita. Ikitaka, itajibu kwa maandishi kwamba hataza hiyo, hata ikitolewa, haitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake. Isipoandika chochote, hataza inatolewa, na kuanzia hapo inahesabiwa sawa na iliyotolewa na ofisi ya nchi yenyewe. Itadumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, mradi ada ya kila mwaka inalipwa. Mwenye nayo ataweza kumpeleka mahakamani yeyote anayetengeneza, kuuza au kuingiza nchini bidhaa hiyo bila ruhusa yake.

Wazee walisema kimya ni jibu. Kwenye Itifaki ya Harare, mkataba unaoongoza utaratibu huu, kimya ni ndiyo.

Sasa mfikirie ofisa anayeipokea taarifa hiyo. Katika nchi nyingi za ukanda huu dawati la hataza ni dogo. Mtu huyohuyo anashughulika na alama za biashara, anajibu simu za mawakili, na Julai ikifika anasimama kwenye banda la maonyesho ya Sabasaba akiwaeleza wananchi tofauti ya jina la biashara na alama ya biashara. Mezani ana ombi la makumi ya kurasa kuhusu umbo jipya la chumvi ya kemikali inayotumika kwenye kidonge. Je, sheria ya nchi yake inaruhusu kitu hicho kupewa hataza? Atamuuliza nani? Na nyuma ya ombi hilo yamepangana mangapi?

Ushirikiano kati ya Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, na ofisi za mataifa wanachama huelezwa zaidi kwenye mikutano ya mawaziri, penye bendera na hotuba. Makala haya yanauangalia kwenye dawati hilo dogo, kwa sababu hapo ndipo unapogusa bei ya dawa na karakana ya fundi.

Kabla ya Harare ilikuwa London

Wapo wanaouona mfumo wa Harare kama uhuru tuliouuza. Ni vizuri kukumbuka tulikotoka. Kwa miaka mingi, hata baada ya bendera za wakoloni kushushwa, mtu aliyetaka hataza Tanganyika au Kenya ilimbidi kwanza aipate Uingereza. Ikishatolewa London, alikuwa na miaka mitatu ya kuja kuisajili huku. Msajili wa Dar es Salaam au Nairobi hakukagua kitu. Alikuwa anaandika kwenye daftari kile ambacho London ilikwisha kuamua.

Kenya iliachana na utaratibu huo kwa sheria ya 1989, ikaanzisha ofisi yake mwaka 1990. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Hataza mwaka 1987, lakini ilianza kutumika 1994. Kwa maneno mengine, mvumbuzi wa Mwanza aliyekuwa na wazo mwaka 1985 hakuwa na dirisha la nyumbani la kulipeleka.

Katikati ya hali hiyo, tarehe 9 Desemba 1976, nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza zilitia saini Mkataba wa Lusaka na kuanzisha shirika la pamoja. Mwanzoni sekretarieti yake ilikuwa Nairobi, kisha ikahamia Harare mwaka 1981. Desemba 1982 ilipitishwa Itifaki ya Harare, ambayo ilianza kutumika Aprili 1984 na ndiyo iliyolipa shirika mamlaka ya kupokea, kukagua na kutoa hataza kwa niaba ya wanachama.

Hesabu iliyowasukuma ilikuwa rahisi. Kukagua ombi la hataza kunahitaji mkemia, mhandisi wa mitambo, mhandisi wa umeme, mtaalamu wa bayolojia, na hifadhi kubwa ya nyaraka za dunia nzima za kulinganishia. Malawi haiwezi kuwaajiri wote hao kwa maombi machache ya mwaka. Lesotho pia haiwezi. Wakichangia, wanaweza.

Leo wanachama ni 22, kuanzia Gambia na Sierra Leone magharibi hadi Mauritius na Shelisheli kwenye Bahari ya Hindi. Tangu Januari 2021 shirika liko chini ya Bemanya Twebaze, Mganda ambaye kabla ya hapo alikuwa Msajili Mkuu wa ofisi ya taifa ya nchi yake, URSB. Anaijua meza ya pande zote mbili.

> Harare inakagua, nchi inaamua. Hivyo ndivyo inavyosomeka kwenye karatasi.

Njia ya ombi

Mvumbuzi ana milango miwili. Anaweza kupeleka ombi moja kwa moja Harare, au kulikabidhi kwenye ofisi ya nchi yake, ambayo kwa Tanzania Bara ni BRELA, kwa Kenya ni KIPI na kwa Uganda ni URSB. Ofisi hiyo ina wajibu wa kulifikisha Harare bila kuchelewa. Kwenye fomu anataja nchi anazozitaka, na kila nchi ina ada yake.

Lakini kuna mlango wa tatu, na ndio unaopitisha umati. Tangu Julai 1994 mtu aliyefungua ombi la kimataifa chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani mjini Geneva, anaweza kuitaja ARIPO kama nchi moja. Sehemu kubwa ya maombi yanayokaguliwa Harare yanatoka njia hiyo, na waombaji wake wengi wako Marekani, Ulaya na Asia. Raia wa nchi wanachama ni wachache mno.

Hilo halina maajabu. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali katika nchi zinazoendelea. Lakini linabadilisha sura ya swali. Tunapozungumzia kurahisisha maombi, kwa sehemu kubwa tunazungumzia kurahisisha kazi ya kampuni zilizo mbali. Na tunapozungumzia haki ya nchi kukataa, tunazungumzia kinga ya watu walio hapa.

Kinga yenyewe ina mipaka. Itifaki inaruhusu sababu mbili tu: kwamba uvumbuzi haustahili hataza kwa vigezo vya itifaki yenyewe, au kwamba kwa asili yake hauwezi kupewa hataza, au hataza yake haina nguvu, kwa sheria ya nchi husika. Nchi haiwezi kukataa kwa sababu haiipendi kampuni. Lazima ofisa aisome sheria yake na alisome ombi, kisha aseme vinagongana wapi.

Na kama ni Harare yenyewe iliyokataa, mwombaji hajafungiwa. Ana miezi mitatu ya kuomba ombi lake ligeuzwe kuwa la kitaifa katika nchi alizozitaja. Kwa hiyo faili lililoanguka Harare linaweza kuibuka tena Lusaka au Kampala, mbele ya ofisi yenye wataalamu wachache kuliko waliolikataa.

Magharibi ya bara hili walichagua njia nyingine. Shirika la OAPI, lenye makao Yaoundé na wanachama 17 ambao wengi wanatumia Kifaransa, linatoa hataza moja inayofanya kazi kwao wote kwa mkupuo. Hakuna kutaja nchi, hakuna kukataa. Ofisi za mataifa zimebaki vituo vya mawasiliano. Mfumo wa Harare ulikusudiwa kuacha neno la mwisho mikononi mwa kila nchi, na kwa maoni yangu ulikusudiwa vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba neno la mwisho linahitaji mtu wa kulisema.

Kidonge kinapopita dirishani

Hakuna mahali kasoro hii inapoonekana waziwazi kama kwenye dawa.

Chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni zaidi hazilazimiki kutoa hataza za dawa. Msamaha huo uliwekwa kwanza hadi Januari 1, 2016, na Novemba 2015 ukaongezwa hadi Januari 1, 2033. Wanachama wengi wa ARIPO wamo kwenye kundi hilo: Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji, Zambia, Lesotho, Gambia na wengine. Kenya na Zimbabwe hazimo.

Baadhi yao waliuingiza msamaha kwenye sheria zao. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Uganda ya 2014 inaziondoa bidhaa za dawa kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kupewa hataza kwa kipindi chote cha msamaha. Sheria ya Rwanda ya 2009 nayo iliziweka dawa kando. Zanzibar ilitangulia: sheria yake ya 2008 ilifanya vivyo hivyo.

Itifaki ya Harare haikufuata. Mwaka 2014 taasisi ya South Centre ya Geneva ilichapisha utafiti wa Sangeeta Shashikant ulioonyesha kwamba ARIPO ilikuwa ikikagua na kutoa hataza za dawa zilizotaja nchi hizo hizo zenye msamaha, na kwamba haki ya kukataa ndani ya miezi sita haikuwa ikiwasaidia vya kutosha. Mapendekezo ya wanaharakati wa afya tangu wakati huo yanafahamika: itifaki irekebishwe ili dawa zisipewe hataza kwa nchi maskini zaidi mpaka msamaha uishe.

Athari yake haihitaji kesi mahakamani. Ofisa ununuzi wa bohari ya dawa anapotaka kuagiza dawa isiyo ya nembo kutoka India, anaangalia kama kuna hataza hai nchini. Akiiona kwenye rejista, anasita. Hatakaa kujadili kama hataza hiyo ilipaswa kuwepo au la. Ana rafu za kujaza kabla ya mwisho wa robo mwaka, na hataki barua ya wakili.

Kampala kuna mfano wa kinachoshindaniwa. Kiwanda cha Quality Chemical kilichoko Luzira, kilichojengwa kwa ushirikiano na kampuni ya Cipla ya India, kinatengeneza dawa za kufubaza VVU na za malaria kwa soko la Uganda na la majirani. Kiwanda cha namna hiyo kinapata nafasi yake kutokana na msamaha wa dawa. Hataza moja iliyopita kimyakimya kwenye nchi kinayoiuzia inatosha kukifungia soko.

> Ofisa ununuzi hatajadili kama hataza ilipaswa kuwepo. Ana rafu za kujaza.

Upande wa pili nao una hoja, na si za kupuuzwa. Wanaoutetea utaratibu wa Harare wanasema itifaki imeweka mlango kwa makusudi, na si kazi ya wakaguzi wa kikanda kujifanya mahakimu wa sheria 20 tofauti. Nchi yenye sheria yake iisimamie. Watengenezaji wa dawa zenye nembo huongeza kwamba kinachowanyima wagonjwa dawa mara nyingi ni bajeti, barabara na stoo, si hataza, na kwamba leseni za hiari zinazopitia Medicines Patent Pool, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 2010, zimeshapunguza makali kwa dawa nyingi za VVU.

Kuna ukweli katika hilo. Zahanati isiyo na mhudumu haitapona kwa kufuta hataza. Hata hivyo hoja ya leseni za hiari ina tundu: ni za hiari. Anayetoa ndiye anayechagua dawa gani na nchi gani. Msamaha wa 2033 ni haki ambayo nchi imeshapewa. Kuipoteza kwa sababu barua haikujibiwa ni aina ya umaskini ambayo haikuletwa na mtu mwingine.

Bara na Visiwani

Tanzania ina fundo lake la peke yake. Miliki ubunifu haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Bara ina BRELA na sheria yake ya 1987. Zanzibar ina Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, na sheria yake ya 2008. Lakini kwenye Mkataba wa Lusaka mwanachama ni mmoja, Tanzania, na kwenye fomu ya Harare kisanduku ni kimoja.

Mwombaji wa hataza ya dawa anapokitia alama kisanduku hicho, anaomba ulinzi kwenye nchi yenye sheria mbili ambazo hazisemi kitu kimoja. Sheria ya Zanzibar imezitaja dawa kwa jina na kuziweka nje. Sheria ya Bara haina katazo kama hilo. Mtu anayesimamia ununuzi wa dawa hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja na mwenzake wa Muhimbili wanaweza kulitazama tangazo lilelile la Harare na kuwa na sababu tofauti kabisa za kuliheshimu au kulikataa.

Ofisi mbili zinaweza kulimaliza hili zenyewe. Hakuna haja ya kusubiri marekebisho ya katiba: nakala ya kila taarifa inayohusu dawa ifike Unguja wiki ileile inayofika BRELA, na jibu la Visiwani liambatane na la Bara. Sioni mwanasiasa wa upande wowote atakayepanda jukwaani kupinga hilo.

Alama za biashara zina mgogoro unaofanana, ingawa hauui mtu. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Banjul, itifaki ya ARIPO ya alama za biashara, mwaka 1999, lakini sheria ya Bara ya alama za biashara haikurekebishwa ili kuitambua itifaki hiyo, na kwa mfumo wetu mkataba hauwi sheria ya nchi mpaka Bunge liuingize. Ndiyo maana mawakili waangalifu wa Dar es Salaam huwashauri wateja wao wasajili BRELA moja kwa moja badala ya kutegemea cheti cha Harare. Kenya haikujiunga kabisa na Banjul, na wafanyabiashara wake hawaonekani kujuta.

Nani analipwa

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana: pesa. Ada za hataza za Harare hulipwa kwa dola, na sehemu ya ada hizo, hasa zile za kila mwaka za kuiweka hataza hai, hurudishwa kwa nchi zilizotajwa. Kwa ofisi ndogo huo ni mgawo mtamu. Unakuja kila mwaka bila kukagua ukurasa hata mmoja.

Tazama basi hali ya yule ofisa. Akikataa hataza, amejipa kazi ya kuandika sababu za kisheria na kisayansi, amejiweka kwenye hatari ya kupingwa, na ameinyima ofisi yake mapato ya miaka mingi mbele. Akinyamaza, kazi hana na mgawo unaingia. Simtuhumu mtu kwa kunyamaza kwa ajili ya fedha. Nasema tu mfumo umeweka sukari upande mmoja.

Dawa yake si kuondoa mgawo, kwa sababu ndio unaolipa mafunzo na kompyuta. Ni kuutenganisha uamuzi na mapato. Taarifa zinazohusu dawa, mbegu na vijidudu zipelekwe ndani ya mwezi wa kwanza kwa watu wasio na maslahi kwenye ada: wizara ya afya, mamlaka ya dawa, taasisi za utafiti wa kilimo. Kazi ya ofisi ya hataza iwe kuandika jibu walilotoa.

Nairobi ina wakaguzi wake

Kenya inakaa tofauti kidogo kwenye meza hii. KIPI, iliyochukua sura yake ya sasa Mei 2, 2002 chini ya Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001, ina wakaguzi wanaoweza kusoma ombi mpaka ndani. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinaitambua hataza ya ARIPO iliyoitaja Kenya kuwa sawa na ya Kenya, isipokuwa pale mkurugenzi mkuu alipoiandikia Harare kwamba haitakuwa na nguvu.

Uwezo huo unazaa utata mwingine. KIPI na Harare zinagombea waombaji walewale. Mtu anayetaka Kenya peke yake anaenda KIPI. Anayetaka Kenya na jirani watatu anapiga hesabu na mara nyingi anaishia Harare. Ofisi ya taifa inayofundisha wakaguzi kwa gharama kubwa, kisha ikaona maombi mazito yanapita juu ya paa lake, ina sababu ya kunung'unika.

Baadhi ya wanachama wana hali ya kinyume: hupeleka hata maombi ya ndani Harare yakakaguliwe, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuyakagua. Huo ni ushirikiano wa kweli na sioni aibu ndani yake. Aibu ni kubaki hapo miaka 30. ARIPO imesaidia kuanzisha shahada ya uzamili ya miliki ubunifu, kwanza Africa University ya Mutare mwaka 2008, baadaye pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na nchini Ghana. Wahitimu wapo. Wengi wanaajiriwa na kampuni za mawakili, ambako kazi ni kuwasilisha maombi, si kuyahoji.

Linalofaa kufanyika ni kugawana kazi. Mkaguzi wa kemia wa Nairobi akisoma ombi la dawa, maoni yake yawafikie Kampala na Dar es Salaam kabla miezi sita haijaisha. Kila nchi itaamua kwa sheria yake, lakini hakuna sababu ya wote watatu kuanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza, au wote watatu kutosoma kabisa.

Ikishatolewa, kila mtu kwake

Ushirikiano unakoma siku cheti kinapotolewa. Hakuna mahakama moja ya hataza ya ARIPO. Anayetaka kuivunja, na anayetaka kumshtaki mvamizi, anaenda kwenye mahakama au baraza la nchi moja moja. Hataza ileile inaweza kufa Nairobi na kuendelea kuishi Lusaka.

Wakenya wanaijua ladha yake. Hataza ya ARIPO namba AP 773, inayohusu pipa la taka za usafi linalofunguliwa kwa kukanyagwa, ilizaa mashauri ya miaka mingi kati ya kampuni ya Sanitam Services na washindani wake, na mwaka 2006 moja lilifika Mahakama ya Rufani ya Kenya. Pipa si roketi. Kama pipa linaweza kuwashughulisha mawakili muda wote huo, chanjo itafanyaje?

Ulaya, ambayo ofisi yake ya Munich ilianzishwa kwa mkataba wa 1973 na ina wanachama 39, ilihitaji nusu karne kufikia mahakama moja. Mfumo wake wa hataza moja yenye mahakama ya pamoja ulianza Juni 1, 2023, na nchi kadhaa bado ziko nje. Anayeahidi mahakama ya namna hiyo kwetu ndani ya miaka mitano anauza ndoto. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2016 sheria ya kuanzisha shirika la miliki ubunifu la bara zima, makao yake yakiwa Tunis, na mwaka 2023 ukapitisha itifaki ya miliki ubunifu ya Eneo Huru la Biashara. Karatasi zinaongezeka kuliko wakaguzi.

> Hataza ileile inaweza kufa Nairobi na kuendelea kuishi Lusaka.

Kigoma hadi Bujumbura

Kwa fundi wa kawaida, ramani ya Harare ina mashimo mahali ambapo soko lake halina. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Somalia zimo ARIPO. Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini hazimo. Kongo haimo hata OAPI, ingawa inazungumza Kifaransa. Komoro, iliyo karibu zaidi na Mtwara kuliko ilivyo na Yaoundé, iko OAPI.

Chukua fundi wa Kigoma aliyebuni mashine ya kukamua mawese. Wateja wake wanavuka Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura, Uvira na Kalemie. Hataza ya Harare itamlinda Tanzania, na akilipia zaidi, Rwanda na Uganda, lakini si ng'ambo ya ziwa ambako mashine yake inanakiliwa. Huko anatakiwa kufungua maombi mengine, kwa Kifaransa, Burundi na Kongo, kila moja peke yake.

Faraja yake ni kwamba nchi zote tatu ni wanachama wa Mkataba wa Paris. Akiwasilisha ombi BRELA leo, ana miezi 12 ya kufungua mengine huko na yakahesabiwa kwa tarehe ya ombi la kwanza. Muda huo nao huanza kuhesabiwa siku ileile anapopokelewa dirishani, na kwenye maonyesho ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, ni mafundi wachache wanaoambiwa hivyo kabla hawajaiweka mashine mezani ili kila mtu aione.